Faini ya Mtu Asiyekuwepo

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo sitawachosha kwa maneno makubwa, lakini sitawabembeleza pia. Nasikia mnaisimulia vibaya habari ya ile picha iliyoonyeshwa kijijini kwetu Gendabi. Kuna wanaosema bibi mmoja alifukuza akina mama kwa fimbo. Wengine wanasema mjukuu wangu alitozwa maksai akalia mbele za watu. Hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyelia. Nilikuwepo, ndani ya picha na nje ya picha, kwa hiyo nyamazeni niseme mimi.

Sisi wa zamani sinema tunaiita picha, na nitaendelea kuiita hivyo.

Mjukuu wangu wa kike alikwenda Arusha kusomea mambo ya kamera. Aliporudi likizo akasema anataka kutengeneza picha yake hapa nyumbani. Nikamuuliza ni picha ya nini. Akasema ni ya mtu maarufu. Nikamwambia huku hakuna mtu maarufu, labda dume la jirani linalovunja uzio. Akacheka, akanieleza. Mtu maarufu atatungwa. Ataonyeshwa jinsi wanavyoonyesha watu kwenye taarifa ya habari: huku anatembea, huku anahojiwa, huku majirani wanaeleza habari zake, wote wamekaza uso kana kwamba ni kweli tupu. Kumbe yote ni ya kutunga, ya kuwacheka hawa mastaa na kutucheka sisi tunaowakimbilia.

Nikamuuliza watu watajuaje kwamba ni ya kutunga. Akasema, "Bibi, mtu akiangalia atajua tu."

Hakujua watu wa kwao.

Staa akawa kaka yake. Huyu ndiye anayelima na maksai wangu, ndiye anayenipeleka zahanati kwa pikipiki, na ni kijana mwenye aibu, akikuamkia anaangalia chini. Wakamvisha koti jekundu la mitumba lenye manyoya shingoni, miwani nyeusi, na shingoni wakamtundikia mnyororo wa baiskeli waliokuwa wameupaka rangi ya dhahabu. Binamu zake wawili wakawa mabaunsa. Mmoja wao anaogopa mbwa, na hilo nalo liliingia kwenye picha bila kupangwa. Wakaenda naye Katesh sokoni. Mabaunsa wakambeba kumvusha mtaro ili tope lisione viatu vyake. Mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa, mtu mzito asiyecheka hata na wajukuu zake, akakaa mbele ya kamera akasema huyo staa alikuja dukani akanunua miwani yote ya jua, ili mtu mwingine asiweze kuliangalia jua isipokuwa yeye. Alisema hayo huku anapima kitambaa. Mjukuu wangu alisema yule mzee ndiye mwigizaji bora kuliko wote.

Staa mwenyewe akahojiwa, mlima uko nyuma yake. Akasema kabla hajazaliwa Mlima Hanang ulikuwa kichuguu, ukarefuka ili umwone.

Palihitajika mama wa staa. Mama yake wa kweli, mkwe wangu, alikimbilia jikoni na kufunga mlango. Kwa hiyo nikakaa mimi kwenye kigoda, napukuchua mahindi, nikaulizwa habari za mtoto wangu maarufu. Nilisema ya kweli yote: kwamba aliogopa kuku mpaka akaota ndevu, na kwamba hajui kufunga kamba ya ndama. Kisha staa anafika getini na watu wake, mwandishi anamuuliza yule mama pale ni nani. Hapo kijana akasema nini? Akasema, "Ni mama yangu, nitakuja kumwona nikipata nafasi."

Nikawaambia wazime hiyo kamera.

Nilikuwa na sababu. Siku za nyuma nilikuwa stendi ya Katesh na kapu langu, akaja mtu mkubwa wa kwetu hapa, na magari, na wageni wa suti. Mama mmoja mzee akamwendea mikono wazi, ananuka moshi wa jikoni kama tunavyonuka wote. Wageni wakauliza ni nani. Yule mtu akasema, huyu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwetu. Wageni wakampa mkono kwa heshima. Na yule mama alisikia, akawaitikia kama mfanyakazi. Na yule mtu mkubwa ni mwanawe wa kumzaa.

Sikuwasimulia wajukuu zangu hayo siku ile. Nilimwambia tu kijana: "Sema hunijui. Sema mimi ni shabiki."

Akakataa. Akasema, "Bibi, hayo mimi siwezi kuyatamka." Na alikuwa na haki, kwetu neno kama hilo halitoki mdomoni kwa mzaha. Nikamwambia mimi ndiye ninayemtuma, na tangu lini nikimtuma anakataa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema: "Huyo mama simfahamu. Ni shabiki tu. Mpeni picha yangu aende."

Baunsa akaniletea picha yake kwenye karatasi. Nikaipokea kwa mikono miwili nikasema asante. Hilo la asante sikuambiwa na mtu.

Ilionyeshwa Jumapili baada ya ibada, ndani ya ghala la mazao la kijiji. Madirisha wakaziba kwa mablanketi, ukutani wakatandaza shuka, projekta ikaazimwa. Walikuja watu wa Gendabi wote, wakulima na wafugaji, na wengine kutoka Masakta. Mjukuu wangu alisimama mlangoni akatangaza kwamba hii ni picha ya kuchekesha, hakuna la kweli. Wakapiga makofi. Nadhani hawakumsikia, walikuwa wanagombania viroba vya kukalia.

Sasa niwaambie walivyoitazama. Watoto wa shule walicheka koti. Mabaunsa walipomvusha staa mtaroni, vijana walipiga miluzi. Lakini wakubwa walikaa kimya wakisikiliza kama wanasikiliza mahubiri. Yule mzee wa duka alipoeleza habari ya miwani, mtu mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Ndiyo maana nilikosa miwani mwaka jana." Mwingine alisema anamjua staa, walisoma wote, alikuwa mtukutu. Mbele yake amekaa kijana yuleyule aliyempalilia mahindi mwezi uliopita. Hakumtambua, kwa sababu ya koti na miwani, na pengine kwa sababu alitaka sana kuwa amesoma na mtu maarufu. Habari ya mlima ilizua ubishi kidogo. Mzee mmoja alisema, hapana, mlima ni wa zamani kuliko huyo.

Nilikuwa nacheka moyoni. Kisha likaja lile neno la getini.

Ghala lote likanyamaza. Hata watoto. Nikajiona ukutani napokea ile karatasi na kusema asante, na nikasikia fimbo inagongwa chini kwa nguvu. Mama mmoja alikuwa amesimama. Nilijua ni nani kabla sijageuka. Ni yule wa stendi. Anakaa ng'ambo ya mto, hatusalimiani mara kwa mara.  Aligonga fimbo tena akatoka, na akina mama wengine wakasimama mmoja mmoja wakamfuata. Mmoja akapita akaling'oa shuka ukutani. Picha haikufika mwisho.

Kwa ninyi mliokulia mjini, nieleze. Majirani zetu Wadatoga wana baraza la akina mama, na sisi tunaokaa nao kwa miaka tumelizoea, tunaliheshimu na tunaliingia. Mwanamume akimdhalilisha mwanamke, hasa mama, wanawake wanakusanyika na fimbo zao, wanakwenda kwake, wanatoza ng'ombe. Wanaume wanaondoka siku hiyo, hawana neno. Ukigoma, hakuna atakayekupa moto wala maji, na mifugo yako hainyweshwi na ya wenzako. Si mchezo. Limeokoa wanawake wengi, hata mimi nimewahi kwenda na fimbo yangu kwenye boma la mtu.

Habari ikafika kwangu keshoye: maksai mmoja atolewe, na ile picha ifutwe. Anayetozwa ni mjukuu wangu, waliyemtambua hata ndani ya koti, kwa kumkana mama hadharani.

Kumbukeni hapo hapo kwamba tulikuwa tumeanza mazungumzo na nyumba moja ya Masakta, kijana apate mke. Wakwe wakija kuulizia habari za kijana, swali lao la kwanza ni hilo: amewahi kutozwa na akina mama? Akitozwa mara moja, doa linabaki. Hawatauliza ilikuwa picha au ilikuwa nini. Watasema huyu ni yule aliyemkana mama yake, maksai akaliwa. Maksai ningeweza kununua mwingine siku za mbele. Jina la kijana ningelinunua wapi?

Mkwe wangu alilia akasema tutoe tu yaishe. Mwenyekiti wa kitongoji akaja, akakaa kwenye kiti kizuri, akasema mama, wewe ni mtu mzima, toa ng'ombe yaishe. Kijana mwenyewe akasema yuko tayari kumfungua maksai. Dada yake alikuwa ameshika simu yenye ile picha, kidole tayari kufuta kazi yake yote. Nikaichukua hiyo simu nikaifunga kwenye pindo la khanga. Nikawaambia hakuna anayetoa kitu na hakuna anayefuta kitu, kwa sababu hakuna aliyekosa.

Na wakati huohuo, mjue, watu walikuwa wanakuja kumtafuta staa. Mmoja alitaka aje kuimba harusini. Mama mmoja alitoka Basotu na jogoo mkononi, akamwomba mkwe wangu amwambie staa amsemee mwanawe apate kazi kwenye mashamba ya ngano. Mkwe wangu akamwonyesha kijana, yuko zizini anazoa samadi. Yule mama akamtazama, akasema, "Huyu siye. Msinifiche." Akaondoka na jogoo wake, amekasirika. Hapo nilielewa kwamba watu wanaweza kumkubali mtu asiyekuwepo kabisa, na aliyepo wakamkataa mbele ya macho yao.

Akina mama wakaja. Walikuja asubuhi, wanaimba, fimbo mkononi, wakakaa mbele ya zizi. Kijana nilikuwa nimemtuma shambani kama desturi inavyotaka. Mkubwa wao ni bibi wa Kidatoga, ananizidi umri, kwa hiyo nikamwamkia kwanza. Shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za mifugo, za watoto. Nikajibu zote. Ugomvi haufuti salamu.

Kisha akasema, "Tumekuja kwa ajili ya mama aliyekanwa."

"Mama huyo ni mimi, na sina malalamiko."

"Wewe ni mmoja. Tumekanwa sote. Watoto wetu walikuwa pale wanaangalia, wakajifunza."

Hilo lilikuwa neno zito, na sikulidharau. Wale wa mjini walioniambia baadaye kwamba akina mama wa kijijini hawaelewi sanaa, hao ndio hawaelewi. Bibi yule alielewa kwamba neno likisemwa limesemwa, hata aliyelisema akiwa amevaa koti la kuazima. Tulichotofautiana ni mahali pa kulipeleka.

Nikamuuliza, "Mnamtoza nani?"

"Aliyesema."

"Aliyesema hayupo. Ametungwa. Hana boma wala ng'ombe. Huyu aliyepo alitumwa na mimi, alikataa nikamlazimisha. Nitozeni mimi."

Wakanong'ona. Baraza lile linatoza wanaume kwa makosa yao kwa wanawake. Kumtoza bibi kwa kujikana mwenyewe hawakuwahi kuona. Mmoja wao, mwenye mdomo, akasema, "Bibi huyu amezeeka anatafuta ustaa." Wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu lilikuwa zuri.

Lakini mkubwa wao hakucheka. Akasema, "Ulimtuma kwa nini?"

Nilikuwa sitaki kusema. Niliona yule mama wa ng'ambo amekaa nyuma, kichwa chini, fimbo kwenye mapaja. Lakini mlangoni kwangu kulikuwa na jina la mtoto, na watu wamekuja kulichukua. Nikasema bila kutazama upande wake.

"Kwa sababu yule aliyemkana mama yake kwelikweli mlimwacha. Alisema stendi, mchana, watu wamejaa. Akapishwa, magari yake yakapita. Mpaka leo akija anapewa kiti cha mbele. Huyu wa koti la mitumba mnamdai maksai. Yule wa suti hamkumdai hata jogoo. Kama faini inatazama viatu vya mtu, semeni, nijue."

 Nilimsikia maksai akikohoa nyuma yao.

Yule mama akasimama. Polepole, kwa sababu ya magoti. Akaja mpaka karibu yangu.

"Ulikuwepo stendi," akasema.

"Nilikuwepo."

"Ukachukua aibu yangu ukaiweka ukutani, watoto wakacheka."

"Walicheka koti. Kwa neno lile hakuna aliyecheka. Ulikuwa mle ndani, ulisikia mwenyewe."

 Uso wake haukulainika, na sitawaambia kwamba ulilainika. Mpaka leo hajaniambia kwamba nilifanya vizuri, na sikumwomba aniambie.

"Hawakucheka," akasema mwishowe. Akawageukia wenzake. "Huyu kijana aachwe. Ana bibi wa kumtuma. Mwanangu mimi nani anamtuma tena?"

 Mkubwa wao akainuka, akasema faini haijafutwa. Ilikosea njia tu, na sasa wanajua iende boma la nani. Kijana wangu hajatozwa, na asitokee mtu wa kusema alitozwa. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti kubwa, akiitazama njia ya Masakta, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa maksai.

Walipokuwa wanatoka, yule mama akanirudia getini. Aliuliza ile picha inaishaje.

Nikamwambia: staa anabaki peke yake Katesh na lile koti. Mabaunsa wamekwenda kula. Watu wanapita hawamjui. Kamera nayo inaondoka, na yeye bado anaongea, anaeleza habari zake, mpaka husikii tena anasema nini.

"Hiyo nitaiangalia," akasema. "Muionyeshe siku ya mnada. Wangu huwa anakuja mnadani kununua ng'ombe."

Basi, maneno hayo yalisafiri. Jioni yake mwenyekiti wa kitongoji akarudi. Safari hii hakukaa. Akasema ghala la kijiji limefungwa na halitafunguliwa kwa mambo ya picha, tena siku ya mnada ni siku ya biashara, na kuna mtu mkubwa aliyelisaidia eneo letu ambaye hatafurahi. Akasema nifikirie vizuri. Nikamwambia nimefikiri tangu siku ile ya stendi, muda umetosha. Akauliza kama najua ninachokitafuta. Nikamwambia sijapoteza kitu, kwa hiyo sitafuti. Nikamuuliza kama atakunywa chai. Hakunywa.

Mkwe wangu akaanza tena, kwamba tumeshapona, kwa nini twende kujitafutia mengine. Ni mwanamke mzuri, ila anapenda mambo yaishe. Nilimwambia kama tutajificha siku ya mnada, watu watasema kijana alikosa kweli, akina mama walimhurumia tu kwa sababu ya mvi zangu. Jina ambalo limekwepa faini halafu likajificha, wakwe wa Masakta watalisikia vilevile. Na yule mama atakuja mnadani na fimbo yake, atakaa peke yake. Mimi siwezi kuwa nimeichukua aibu ya mtu nikaitumia, halafu siku anapotaka kuisikia mpaka mwisho, mimi niko jikoni nimefunga mlango.

Nikaifungua simu kwenye pindo la khanga nikamrudishia mjukuu wangu wa kike. Nikawaita wote watatu waje wasimame mbele yangu, nikasema mara moja tu, kwa sababu nyumbani kwangu amri haisemwi mara mbili:

"Siku ya mnada hakuna anayebaki nyumbani. Mkwe wangu, lile shuka la wageni lifuliwe leo. Wewe mwenye kamera, chukua maturubai ya kuanikia mahindi, mjenge giza nyuma ya banda la chai pale mnadani, na mlango uelekee wanakouzwa ng'ombe. Na wewe, utakaa mbele kabisa bila miwani, kati yangu na yule mama, na mtu yeyote akikuuliza wewe ni nani, umtazame machoni umtajie jina la mama yako."